Bustani Isiyo na Mwenyewe

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu nimeusikia ukitumiwa madukani na katika vyama vya akina mama vya kuweka na kukopeshana, lakini kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoona kwamba hakuna mahali unapofaa zaidi kuliko katika bustani za umma za miji yetu. Bustani ya umma ni mali ya watu wote, na mali ya watu wote ndiyo inayopotea upesi, maana kila mmoja humdhania mwenzake kuwa ndiye mlinzi. Mkazi hudhani ni kazi ya kaunti. Karani wa kaunti hudhani wakazi watapiga kelele mambo yakiharibika. Mpita njia hadhani lolote. Hutupa ganda lake la muwa akaenda zake.

Katika mtaa ninaoishi hapa Nairobi tunayo bustani ya namna hiyo. Ilichorwa kwenye ramani pamoja na nyumba zetu, ili watoto wawe na pa kucheza na wazee wawe na pa kuota jua. Leo zimesalia nguzo za bembea bila bembea, kwa kuwa minyororo iliishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mabenchi mawili ya saruji yamevunjika. Bomba la maji lilikauka zamani, taa ya mlingoti haiwaki, na kona iliyo karibu na barabara imegeuka jaa ambako mikokoteni huja usiku kumwaga taka za mitaa mingine. Mama anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku huzunguka nje ya bustani kwa mwendo wa dakika kumi, ilhali angeweza kukata katikati kwa dakika mbili. Huo ni ushuru tunaolipa kila siku, ingawa hakuna anayetupa risiti.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba bustani haifi kwa siku moja. Kwanza bomba hupasuka lisitengenezwe. Nyasi hukauka, vumbi likatawala, na watoto wakaacha kuja. Watoto wakiondoka, wazazi nao huondoka. Watu wakipungua, mwenye taka haoni haya tena kuzimwaga mchana. Taa ikizimika, waoga hukimbia na wenye nia mbaya hukaribia. Hatimaye, kila mtu akishazoea kupaona ni jaa, asubuhi moja huonekana vigingi vya mipaka vimepigwa pembeni, na mtu mwenye karatasi mkononi anauliza, "Kwani hapa palikuwa nini? Si jaa tu?"

Kwetu vigingi hivyo vimekwisha kuonekana. Ni vinne, upande wa barabarani, na hakuna aliyekiri kuvipiga. Tangu siku hiyo nimeacha kuona taka kama jambo la usafi tu. Taka ni tarishi wa mnyakuzi. Hutangulia kumtayarishia njia.

Msomaji asidhani kwamba naogopa kivuli. Mwaka 2003 iliundwa tume chini ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza namna ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini Kenya, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 2004. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba viwanja vya michezo, misitu na ardhi zilizotengewa barabara zilikuwa zimegeuzwa mali ya watu binafsi. Hata bustani mashuhuri hazikusalimika na tamaa hiyo. Jeevanjee Gardens, iliyo katikati ya jiji, ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1991 ukazuka mpango wa kujenga juu yake jengo la maegesho ya magari. Mjukuu wake, mwandishi Zarina Patel, akasimama pamoja na jamaa na wananchi wengine kuupinga, na jengo hilo halikujengwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1989, ilikuwa zamu ya Uhuru Park. Palitakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani yake. Wangari Maathai aliandika barua kwa wakubwa wa hapa na wa nje, akatukanwa bungeni, lakini hakunyamaza. Wafadhili wakarudi nyuma na mpango ukafa.

Mambo hayo tunayajua na tunayasimulia kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini kuna jambo tunalolisahau katika masimulizi hayo. Kuokoa bustani ni kazi ya siku chache zenye joto kali. Kuitunza ni kazi ya kila siku isiyo na mpiga picha. Kando ya mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, palikuwa na jaa na maficho ya wezi hadi mwaka 2008, ambapo paligeuzwa bustani kwa msukumo wa John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira. Michuki alifariki mwaka 2012, na mahali pale pakarudia uchakavu wake. Ilibidi pafufuliwe tena mwaka 2020. Simlaumu marehemu hata kidogo. Nasema tu kwamba bustani inayoishi kwa nguvu za mtu mmoja, hata awe mchapakazi kiasi gani, ina umri wa mtu huyo.

Baada ya vigingi kuonekana, mzee wa mtaa aliitisha baraza, nasi tukakutana kivulini mle mle bustanini, tukiwa tumeketi juu ya viti tulivyobeba kutoka nyumbani. Waliokuja hawakuzidi arobaini. Mawazo yalikuwa mengi, na kwa kuwa nadhani ni mawazo yale yale yanayotolewa katika kila mtaa wenye shida kama yetu, nitayaeleza moja baada ya jingine.

Mwenye nyumba mmoja alitaka pajengwe ukuta, lango litiwe kufuli, na funguo akabidhiwe mtu mwaminifu. Wengi walipiga makofi. Mimi nilijiuliza maswali mawili. Mwizi hupanda ukuta, lakini bibi aliyeleta mjukuu wake kucheza hawezi kuupanda; sasa ukuta huo utakuwa umemzuia nani? Tena mahali penye ukuta mrefu na giza, anayeshambuliwa ndani haonekani na aliye nje. Isitoshe, mtu akikaa na funguo miaka mitano, nani atamwambia kwamba si mwenyewe?

Wa pili alipendekeza mwekezaji. Apewe kona moja ajenge hoteli ya nyama choma, naye atunze sehemu iliyobaki. Wazo hili halikukosa akili, kwa maana biashara huleta watu na watu huleta usalama. Lakini hoteli ya kudumu huanza na meza nne, kisha hema, kisha ukuta wa mabati, na mwishowe mtoto asiye na fedha ya soda hufukuzwa mahali palipokuwa pake.

Wa tatu walikuwa vijana waliotaka siku moja ya harambee ya usafi. Niliwapenda kwa moyo wao. Hata hivyo tumewahi kuzifanya siku hizo. Tulikuja na majembe na reki, tukapakia taka kwenye lori, tukaimba, na baada ya miezi mitatu jaa lilikuwa limerudi na kimo chake.

Wa nne, ambao ndio waliokuwa wengi, walisema tuiandikie kaunti kisha tungoje.

Hapo akanyanyuka mama mmoja anayeuza mboga ng'ambo ya barabara. Hakuwa amesema neno tangu mwanzo. "Wazee wangu," akasema, "mnasema bustani haina watu. Ina watu. Mimi hufunga kibanda saa tatu usiku, nawaona. Wanaokosekana pale ni nyinyi." Pakawa kimya. Akaendelea: "Nipeni ruhusa mimi na wenzangu watatu tuuze pale langoni, mtuandikie kabisa, kisha tuone ni nani atamwaga taka mbele ya sukuma wiki yangu."

Watu walicheka, lakini mzee wa mtaa hakucheka. "Mama, rudia hapo," akamwambia. Na mimi nakiri kwamba katika maneno yote ya siku ile, hayo ndiyo yaliyonipeleka nyumbani nikiwaza.

Mama huyo hakuwa amesoma vitabu vya uchumi, lakini alilolisema linakaribiana na kazi iliyompatia Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani, Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Kabla yake, mwaka 1968, Garrett Hardin alikuwa amedai kwamba malisho yasiyo na mwenyewe lazima yaharibiwe, kwa kuwa kila mfugaji atazidisha ng'ombe wake. Wengi wakahitimisha kwamba dawa ni mbili tu: ama mali ichukuliwe na serikali, ama igawiwe watu binafsi. Ostrom alikwenda kutazama watu wenyewe, wavuvi, wakulima wa mifereji na wafugaji wa milimani, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 akaonyesha kwamba jamii nyingi zimetunza mali ya pamoja kwa miaka mingi bila kuigawa. Wanaofanikiwa wana mambo fulani yanayofanana. Mipaka ya mali yao inajulikana. Kanuni hutungwa na wanaoitumia. Wako wanaoangalia kama kanuni zinafuatwa, na mkosaji huadhibiwa kidogo kwanza, kisha zaidi akirudia. Ugomvi hutatuliwa karibu na kwa gharama ndogo. Tena serikali inatambua haki yao ya kujipangia mambo.

Katika pwani yetu iko bustani ya Forodhani, mjini Unguja, iliyotengenezwa katika miaka ya 1930. Ilichakaa sana, ikatengenezwa upya na shirika la Aga Khan la utamaduni, na kufunguliwa tena mwaka 2009. Ukifika pale jioni utawakuta wachoma mishikaki, wauza urojo na miwa, na vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Wachuuzi wale hawakufukuzwa milele ili bustani ipendeze. Walirudi, kwa utaratibu. Bila moshi wao na taa zao, Forodhani ingekuwa majani mazuri yasiyo na mtu.

Hapa Nairobi tunao msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa ukikatwa vipande kwa ajili ya majumba. Wangari Maathai alipigwa huko mwezi wa Januari 1999 alipokwenda kupanda mti. Msitu uliponusurika bado ulikuwa mahali pa kuogopwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikaruhusu vyama vya wananchi kushirikiana na serikali kuendesha misitu, na mwaka 2009 wakazi wa jirani wakaunda chama chao cha marafiki wa Karura. Watu wa vijiji vya kando, waliokuwa wakihesabiwa kuwa tishio, wakapata kazi za ulinzi na upandaji miti. Leo wanawake hukimbia mle peke yao asubuhi. Lakini mwaka 2025 palizuka mgogoro mkubwa kuhusu nani akusanye ada za mlangoni na fedha ziende mfuko gani. Kwa hiyo Karura inatufundisha mara mbili: kwamba ushirikiano wawezekana, na kwamba suala la fedha lisipofungwa vizuri kwenye maandishi, litafunguka siku moja na kuwagawa waliopatana.

Kutokana na hayo, baraza letu lilipokutana mara ya pili na ya tatu lilipata pa kushika. Nitaeleza tulipofika, si kwa kujisifu, bali kwa sababu huenda mtaa mwingine ukapata cha kuazima.

Kwanza, mipaka. Tuliomba kaunti ituletee mpima ardhi aonyeshe ramani ya asili mbele ya watu wote. Pembezoni tutapanda ua wa michongoma, usiozidi kimo cha kiuno, ili aliye ndani aonekane na aliye nje.

Pili, watu wa kila saa. Shule ya chekechea iliyo jirani itawaleta watoto asubuhi. Alasiri ni zamu ya mpira. Akina mama wanne watauza langoni hadi saa tatu usiku. Na pale penye jaa, tuliwaomba vijana wa bodaboda wahamishie kijiwe chao, kwa kuwa wao hukaa macho hadi usiku wa manane, na mwenye mkokoteni wa taka hatapenda kumwaga mbele ya vijana kumi na wawili.

Tatu, kila haki iwe na wajibu wake. Anayeuza langoni anafagia hatua ishirini kuzunguka meza yake. Vijana wa bodaboda wanatunza miche iliyo kwenye kona yao. Maganda na mabaki ya mboga yatatiwa shimoni yawe mboji ya miti.

Nne, kisijengwe chochote kisichoweza kuondolewa jioni. Meza na mkokoteni ni sawa. Mabati na saruji hapana. Ruhusa ni ya mwaka mmoja, na baraza ndilo linaloamua kuirudisha au kumpa mwingine. Hivyo mtunzaji atabaki mtunzaji.

Tano, daftari. Kila muuzaji atatoa kiasi kidogo kwa mwezi, na kila shilingi iliyoingia na kutoka itaandikwa ubaoni langoni, mahali ambapo hata mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kujumlisha na kuuliza. Kuingia bustanini ni bure. Hapo hatukukubali mjadala.

Liko swali ambalo lilitushinda kulimaliza, nalo ni la wale wanaolala bustanini. Ni wavulana wachache wa mitaani na wanaume wawili wa makamo. Wengi walisema waondolewe. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza, "Waende wapi, jamani? Mtaa wa pili?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Mmoja wa wanaume wale ndiye aliyetuonyesha mikokoteni inayoleta taka na saa inayokuja, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwapo kuona. Sasa hulipwa kidogo kumwagilia miche. Wavulana bado wanalala pale. Bustani haiwezi kutibu umaskini wa jiji zima, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba inaweza. Lakini naamini mpango wa usafi unaoanza kwa kufagia binadamu hautakawia kuwafagia na wengine.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike kufanya kazi ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inataja bustani na mahali pa burudani miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, na kodi tunalipa. Nakubaliana nao kabisa. Ndiyo maana barua yetu haikuomba hisani. Ilitaja yaliyo wajibu wa kaunti, yaani maji, taa, gari la taka, na kuiandikisha ardhi ile kuwa ya umma ili isiuzwe. Ikataja pia tutakayoyatoa sisi, yaani macho, mikono na saa zetu. Wajibu wao haupungui kwa sababu sisi tumeshika fagio. Bali naona kwamba ofisi huona vigumu zaidi kuipuuza bustani yenye watu kuliko kulipuuza jaa.

Hadi ninapoandika haya, bomba bado kavu na mpima ardhi hajafika. Vigingi vinne vingali vimesimama, ila sasa vimezungukwa na pikipiki, na kimoja wamekifanya cha kutundikia kofia. Jaa limepungua kwa zaidi ya nusu. Wiki iliyopita mtu nadhifu aliyevaa suti alishuka garini, akavitazama vigingi, akawatazama vijana, akauliza bustani hii ni ya nani. Wale vijana walitazamana. Kisha mmoja akamwelekeza langoni, kwenye ubao wa hesabu, akamwambia, "Soma pale, mzee. Majina yote yapo."